Mtalii wa Mombasa Aliyetoka Makongeni

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla gurudumu la mbele halijavuka mtaro wa Makongeni: niliamua kutomsalimu mtu yeyote ninayemjua. Sababu yangu ilikuwa nzuri sana, kama zilivyo sababu zangu zote. Mtalii hana jirani. Mtu anayepita akisema "Habari ya asubuhi, Mama Nyambura" si mtalii, ni mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Na mimi siku ile sikutaka kufanya jambo nusunusu.

Ninyi mnaoniuliza kila jioni pale kwenye bomba la maji ni nini hasa kilitokea, mmekwisha kuisikia habari hii kwa vipande, na kila kipande kimeongezwa viungo. Wengine mnasema nilikwenda Mombasa. Wengine mnasema nilipatwa na wazimu nikafungwa kamba kwenye lori la ndizi. Lori lilikuwapo. Kamba ilikuwa ya baiskeli. Mambo ya pasi na vibali vya kusafiri vya serikali ya wakati ule nayaruka, kwa kuwa kila mmoja wenu anayajua na hakuna anayetaka kuyasikia tena.

Kwa asiyenijua, jina langu ni Mwangi, karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha matunda hapa Thika. Shule niliiacha mapema baba alipofariki, na mengine yote nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima, ndiyo maana najua mambo mengi bila mpangilio. Hata baiskeli nilijifunza kwanza kitabuni, nikaanguka baadaye. Nina ugonjwa mmoja: naogopa kukosea. Nikipiga shati pasi, naligeuza nikapiga na upande wa ndani. Nikialikwa mahali nisipopajua, naenda siku za mbele kutazama mlango uko wapi.

Mlango nilioogopa safari hii ulikuwa Gatongora, upande wa Ruiru, kwa kina Wanjiru. Mnamjua Wanjiru: yule aliyekuwa akija kwa shangazi yake na kuimba sauti ya pili kanisani. Wazee wa ukoo wangu walikuwa wamepanga kunipeleka kwa baba yake Jumapili moja, na pombe ya miwa, kubisha hodi kama desturi inavyotaka.

"Baba hatakuuliza habari ya mali," Wanjiru aliniambia. "Atataka kukusikia ukizungumza. Atakuuliza kwenu kukoje. Na wewe mito ya Ulaya unaitaja yote kwa majina, lakini maporomoko ya Chania hujawahi kuyaona, na yako hapo tu, mji unapoishia."

Nilibisha. Kisha nikakumbuka kwamba ni kweli.

"Tena amesikia kazi yako," akaendelea. "Anasema mtu wa mizani akiingia hapa, atatupima sote, hata mama. Basi ujiangalie, Mwangi. Baba akikataa, mimi sitatoroka nawe. Nakwambia mapema."

Sikulala vizuri siku kadhaa. Mwishowe nikapata dawa. Jumamosi ya wiki moja kabla ya siku ile kubwa, ningepanda baiskeli, nizunguke Thika na Ruiru kama mtalii, nitazame kila kitu kana kwamba sijawahi kukiona, ili mzee akiniuliza kwetu kukoje, nijibu bila kigugumizi. Na njiani ningepita Gatongora, kwa mbali, niuone mlango. Kwa mbali ndilo neno kuu. Kijana kuonekana akirandaranda peke yake kwa kina msichana, kabla wazee wake hawajafika, ni aibu ambayo sihitaji kuwaeleza.

Makongeni hadi stesheni

Niliondoka mapema, nimevaa tai. Nyuma, kwenye karia, nilikuwa nimefunga kikapu chenye viraka vya tyubu, gundi, spana, brashi ya viatu, kitana, shati la pili na leso iliyopigwa pasi. Kumbukeni orodha hii. Kuna kitu kimekosekana.

Mama Nyambura alikuwa kwenye pembe yake, sufuria ya uji inafuka. Nimekunywa uji wa mama huyu tangu nianze kazi, na hajawahi kuniona nikipita bila kusimama.

"Mwangi! Leo ni arusi ya nani?"

Nikatazama mbele. Nikajiambia: huyu ni mwanamke wa nchi hii, anauza kinywaji cha moto chenye rangi ya udongo.

"Mwangi wa mizani! Uji unapoa!"

Nikapiga kengele ya baiskeli, kwa adabu, nikapita.

Nyuma yangu pakawa kimya. Makongeni asubuhi hapawi kimya. Kisha nikamsikia akimwambia Karanja, yule mwenye lori la ndizi, aliyekuwa ameegesha pale akinywa uji wake: "Umeona? Amenitazama kama ukuta. Huyu ameambiwa maneno mabaya, au ameyatenda."

Ningeweza kugeuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lakini nilikuwa nimekwisha kujiwekea sheria, na mimi sheria zangu nazitii hata zikiwa za kijinga. Nikawapita fundi wa viatu na mzee wa kanisa bila neno, na mlinzi wa ghala naye akabaki na mkono juu kama mtu anayesimamisha gari.

Stesheni niliitazama kwa makini. Nimepita pale maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba paa lake limepakwa rangi upande unaoonekana kutoka kwenye reli tu. Nilifurahi sana kuligundua jambo hilo. Nikajaribu kufikiri baba yake Wanjiru atasema nini nikimweleza, na furaha ikapungua.

Maporomoko

Maporomoko ya Chania yanaonekana vizuri kutoka kwenye bustani ya hoteli ya wazungu. Ndivyo ninavyoambiwa. Mlango ule haukuwa wa watu wanaofanana na mimi, kwa hiyo nilishuka kwa njia ya wachota maji, baiskeli begani, viatu mkononi, tai imetupwa nyuma ya shingo.

Lakini nawaambia, maji yale! Yanaanguka kana kwamba yamechelewa mahali. Yanapiga mwamba, yanageuka moshi, na moshi ule unakulowesha uso kabla hujajua umesogea karibu. Nilisimama pale nikasahau kabisa kutafuta maneno. Tangu utotoni nimeisikia sauti ile usiku na kudhani ni kiwanda.

Nikiwa bado natazama, sauti ya mwanamke ikaniita kutoka juu kidogo. Alikuwa bibi wa kizungu mwenye kofia pana na kamera kifuani, ameteremka kwa shida akishikilia majani.

"Wewe! Boi! Simama hapo. Na baiskeli."

Nikasimama. Miguu ilitii kabla sijaiuliza.

"Hapana cheka. Fanya kama chota maji."

Nikamwambia, kwa Kiswahili nilichokipanga vizuri, kwamba mimi pia ni mtalii na nimekuja kutazama.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema, "mzuri sana. Sasa chota maji."

Basi kuna nyumba moja mahali fulani duniani yenye picha yangu, mtu aliyefunga tai akichota maji ya Chania kwa viganja karibu na baiskeli. Bibi yule alinipa biskuti mbili zilizolainika kwa joto la mfuko wake. Nilizila nikipanda kilima. Nilikuwa nimetoka kwenda kutazama, nikatazamwa mimi. Niliona haya, lakini zilikuwa biskuti nzuri.

Ndani ya mkonge

Badala ya barabara kuu, nilishika njia ya murami, ya udongo mwekundu usio na lami, inayopita katika mashamba ya mkonge kuelekea Juja. Mtalii, nilisoma mahali, hupita njia za pembeni. Mwenye kuandika vile hakuwa amepita kati ya mkonge. Pande zote mbili ni miba iliyosimama kwa mistari kama askari, na ukifika mwisho wa mstari unaanza mwingine unaofanana nao.

Lori la ndizi la Karanja likanipita humo, likipiga honi ndefu. Yeye pia alipenda njia ile, kwa sababu zake ambazo hazinihusu. Akatoa kichwa dirishani, "Mwangi! U mzima?" Nikatazama mbele. Vumbi likanifunika mimi, tai, na sheria yangu.

Ilikuwa ndani ya vumbi lile nilipopita juu ya ncha ya mkonge. Tairi la nyuma likatoa pumzi, nalo likaitoa polepole, kama mtu aliyechoka kusubiri. Nikafungua kikapu. Viraka vipo. Gundi ipo. Spana ipo. Brashi ya viatu ipo.

Pampu niliiacha Makongeni, mlangoni, mahali nilipoiweka makusudi ili nisiisahau.

Nilikaa kando ya njia nikiwa karibu kulia, na sioni sababu ya kuwaficha. Hapo ndipo wakata mkonge waliponikuta wakienda kula. Mbele alikuwa mtu mrefu aliyeitwa Odhiambo, mikono yake imejaa mikwaruzo, na aliponiona na tai aligeuka akawaambia wenzake kitu, na wote wakarudi mbio kwenye mistari yao wakaanza kukata tena.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Mimi si mkaguzi!"

"Wewe ni nani basi?" akauliza Odhiambo.

"Mtalii."

"Shamba hilo la Mtalii liko wapi?"

Nikamwonyesha tairi. Akawaita wenzake warudi, na wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Wakanikaribisha chakula: ugali mgumu na dagaa wa kukaanga kwenye sufuria moja. Nilisitasita kwa ajili ya shati. Odhiambo akaniona. "Dagaa haumi, bwana," akasema. "Ameshakufa." Nikala. Sijala chakula kitamu kama kile na sina hakika kilikuwa kitamu au nilikuwa na njaa.

Pampu hawakuwa nayo. Lakini mimi nilikuwa nimewahi kusoma kwamba tairi lisilo na upepo linaweza kujazwa majani. Majani hayakuwapo. Kulikuwa na makapi ya mkonge, lundo zima, yaliyotoka kiwandani. Nikajaza tairi kwa makapi yale, kwa uangalifu, nikiyapanga sawasawa, na watu wale wakinizunguka kama waliokuja kutazama mazingaombwe. Nilipopanda, baiskeli ilienda kama punda anayechechemea, na nyuzi za mkonge zikining'inia nyuma mithili ya ndevu.

"Nenda salama, mtalii!" wakaita. Nikawapungia mkono. Sheria yangu haikuwataja watu nisiowajua.

Ruiru

Ruiru niliingia wakati jua limesimama utosini. Nikaegesha baiskeli yenye ndevu nje ya hoteli ndogo ya chai, nikajipangusa, nikaagiza chai ya maziwa na mandazi. Kisha nikamwuliza mhudumu swali nililolitayarisha kwa siku nyingi:

"Ndugu, hapa Ruiru kuna nini cha kutazama?"

Akatazama nje. Akatazama ndani. "Kuna mandazi."

"Hapana, namaanisha kitu ambacho wageni huja kukiona."

"Wageni?" Akaweka chai. "Watu wanakuja Ruiru kungoja gari la kwenda mahali pengine. Wewe unakwenda wapi?"

"Nimefika."

Akanihurumia. Niliona hivyo, maana aliongeza sukari bila kuulizwa. Halafu akatamka kitu ambacho wakati ule sikujua kitafika wapi: "Wewe ndiye yule wa baiskeli kutoka Thika? Mwenye lori la ndizi alipita hapa. Anasema kuna mtu wa mizani ameharibika kichwa, hasalimu hata mama wa uji."

Chai ikanipalia. "Si mimi," nikasema.

"Sawa," akasema. Akachukua bilauri akaondoka, na kila mtu ndani ya hoteli akaitazama tai yangu.

Hapo ningeweza kugeuza baiskeli nirudi nyumbani. Mtu mwenye akili angerudi. Lakini mlango wa Gatongora nilikuwa sijauona.

Gatongora

Mpango ulikuwa hivi: nipite barabarani polepole, nitupe jicho upande wa kushoto, nione lango, niendelee. Wanjiru alikuwa amenieleza lango lenyewe, lina mti mdogo wa mparachichi na ua wa michongoma. Niliuona mti. Nikatupa jicho. Na hapo makapi ya mkonge yaliyokuwa yamejikusanya upande mmoja wa tairi yakatoka yote kwa mkupuo, baiskeli ikaruka, na mimi nikaingia katika ua wa michongoma kichwa mbele.

Aliyenitoa alikuwa mzee mwenye koti kuukuu na macho makini. Nilimjua mara moja. Pua ilikuwa ya Wanjiru.

"Wewe ni nani," akauliza kwa Kikuyu, "unaingia kwangu kupitia kwenye ua?"

Ndugu zangu, kulikuwa na majibu mengi. Akili yangu, ile ninayoilisha vitabu, ilipekua yote ikaleta baya kuliko yote.

"Samahani, mzee," nikajibu kwa Kiswahili, nikijitahidi kutoa sauti ya mtu wa mbali. "Kikuyu sielewi. Mimi ni mtalii. Natoka Mombasa."

Mzee akanitazama. Akatazama baiskeli. "Kwa hii?"

"Polepole," nikasema.

"Eee." Akanitoa mwiba sikioni. "Na mtalii ni kazi gani?"

"Ni kutembea, kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Chochote."

"Na nani anakulisha?"

Nikajipangusa majani ya michongoma mabegani. "Basi leo ni sisi," akasema, akanishika mkono akaniingiza ndani ya boma lile lile nililokusudia kulitazama kwa mbali.

Mama yake Wanjiru alituletea viti nje, kisha irio ya viazi na mahindi kwenye sahani, na uji wa wimbi kwenye kibuyu. Na wakaanza kunizungumzia, kwa Kikuyu, mbele yangu, kwa raha ya watu wanaojua hawaeleweki.

"Amekonda huyu," akasema mama. "Huko baharini hawana viazi?"

"Tazama tai yake. Kama kamba ya ng'ombe aliyetoroka."

"Masikio makubwa."

"Ni ya kusikilizia," akasema mzee, na wote wawili wakacheka, na mimi nikatabasamu kwa upole wa mtu asiyeelewa, shingo yote ikiwaka.

Mambo yalikuwa bado. Lango likafunguka, akaingia Wanjiru na mtungi wa maji mgongoni. Akaniona. Akautua mtungi polepole sana.

"Huyu ni mgeni kutoka Mombasa," baba akamwambia kwa Kiswahili. "Mtalii."

Nilimwomba kwa macho. Wanjiru akajifuta mikono, akaja, akanyoosha mkono kwa heshima kubwa.

"Karibu, mgeni. Habari ya Mombasa?"

"Nzuri."

"Sisi hapa hatujui mambo ya bahari. Nakuomba unieleze, pweza anachinjwa shingoni au mkiani?"

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea nini?"

"Ukubwa."

"Kumbe!" Akamgeukia mama yake. "Umesikia, mama? Inategemea ukubwa. Na nyangumi je, mgeni, mnawafuga au wanakuja wenyewe?"

Alinifanya vile mpaka jasho likanitoka. Aliyenikomboa alikuwa baba yake, na alinikomboa kwa kunitia shimoni.

"Ngoja, binti, mwache ale. Wewe mgeni, umepita Thika? Basi wewe ni mtu wa kando, huna upande. Nataka kukuuliza." Akavuta kiti. "Kuna kijana huko Thika, karani wa mizani. Anamtaka huyu binti yetu. Wazee wake watakuja. Huko Thika ulimsikia? Watu wanasemaje?"

Wanjiru akaacha kucheka.

Hapo ndipo ningeweza kujisifu. Naungama kwamba sentensi ya kwanza ilikuwa tayari mdomoni: ni kijana hodari, msomi, nadhifu. Nikamtazama Wanjiru amesimama na maji yakimdondoka kwenye viganja, na sentensi ile ikanichukiza.

"Nimemsikia," nikasema. "Wanasema ana hofu nyingi. Anataka kila kitu kinyooke, na kisiponyooka anaugua. Amesoma vitabu vingi lakini hajui kukaa na watu. Leo asubuhi, nasikia, amempita mama anayempa uji kila siku bila kumsalimu, kwa sababu ya jambo la kipuuzi alilokuwa amejiwekea kichwani." Nikaiweka sahani chini. "Lakini wanasema binti huyu anampenda. Hilo hakulisoma mahali."

Mama alikuwa anatazama kibuyu.

Mbuzi wakaanza kuingia kutoka malishoni, wakisukumana langoni, wakubwa na wana wao, wakaenea uani. Mzee akafinya macho.

"Wewe mtu wa Mombasa, macho yangu yamechoka. Hebu nisaidie. Hao mbuzi wangu ni wangapi?"

Mnajua kazi yangu. Kutwa nzima nahesabu. Nikiona vikapu nahesabu, nikiona watu kanisani nahesabu mabenchi. Macho yangu yalikwisha kukimbilia pembe za yule wa kwanza. Na mtu wa Mombasa angehesabu, kwa nini asihesabu? Tena hapo ndipo angethibitisha kwamba yeye ni wa Mombasa.

Lakini mimi ni mtoto wa Kikuyu, na mama yangu alinipiga kofi mara moja tu maishani, siku niliponyoosha kidole nikaanza kuhesabu mbuzi wa babu. Hatuhesabu vilivyo hai nyumbani kwa mtu. Ni kama kuviitia kifo. Nikageuza uso, nikautazama ua wa michongoma niliouvunja, mpaka sauti za kwato zikatulia.

"Wanatosha, mzee," nikasema. "Mungu awaongeze."

Mzee akamwambia mkewe, kwa Kikuyu, taratibu: "Mama Wanjiru, mwongeze mgeni uji."

Kurudi, na Jumapili

Lori la Karanja lilinirudisha. Lilikuwa limeegeshwa karibu na lango, jambo ambalo lingenifanya niwaze kama ningekuwa nimebaki na akili ya kuwaza. Tulifunga baiskeli juu ya majani ya migomba kwa kamba. "Salimia Mombasa," mzee akasema akinishika mkono. Njia nzima Karanja aliimba nyimbo za kanisa na hakuniuliza kitu.

Wiki ile niliishi kama mtu anayengoja hukumu. Nilifikiri kuwaambia wazee wa ukoo waahirishe. Nilifikiri kufuga ndevu. Jumapili ikafika, na tukaenda. Mjomba wangu mkubwa alitangulia na kibuyu cha pombe, mimi nyuma kabisa, nimeinamisha kichwa kama kondoo aliyenyeshewa.

Mzee alitupokea vizuri. Alinisalimu mimi kama mtu asiyewahi kuniona. Tuliketi. Wazee wakazungumza mambo ya mvua na ya kurudi mashambani. Mwishowe mjomba akakohoa, akaanza kunisifu, kama ilivyo kazi yake: kijana hodari, msomi, nadhifu.

"Ngoja, shemeji," mzee akamkatiza. "Sifa za kijana huyu tulizisikia. Kuna mgeni alipita hapa, wa kutoka Mombasa, akatueleza."

"Mombasa?" mjomba akashangaa. "Nani anamjua Mwangi Mombasa?"

"Alimjua vizuri sana. Alisema ana hofu nyingi, na hajui kukaa na watu."

Mjomba akanigeukia kwa hasira. Nikatazama chini. Nyuma ya nyumba nikasikia wanawake wakijibana wasicheke.

"Mwenye lori alikuwa ametuambia mapema," mzee akaendelea, na sasa alikuwa ananitazama mimi, "kwamba mtu wa mizani ameanza kupita watu bila salamu na anakuja huku na baiskeli. Nikamwambia mama, ngoja tumwone. Tulimtukana masikio yake na alitabasamu. Tukajua basi, anaweza kuvumilia wakwe." Kicheko kikapasuka nyuma ya nyumba, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha yule mwimbaji wa sauti ya pili. "Lakini mimi hofu yangu ilikuwa moja. Mtu anayepima kutwa, akija kwangu, atapima nini? Nikamwonyesha mbuzi. Mtu wa Mombasa angehesabu. Mtu wa mizani pia angehesabu. Huyu aligeuza uso."

Akanyoosha mkono akapokea kibuyu cha pombe kutoka kwa mjomba, akaonja, akampa mzee aliyekuwa karibu naye. Mnajua maana yake: amekubali. Mjomba hakuelewa lolote katika yale yote isipokuwa hilo, na hilo lilimtosha.

Tangu hapo, nikitoka nyumbani naanza na Mama Nyambura, nasimama mpaka uji uishe, na mara mbili nimechelewa kazini. Maporomoko nimeyarudia na Wanjiru. Pampu inakaa kwenye kikapu. Na mbuzi wa Gatongora, ambao nawaona karibu kila Jumapili, hata leo sijui ni wangapi.